Jiwe la Kumi na Saba

Nyinyi vijana ambao siku hizi mnapewa kofia na beji ili mtembeze wageni kwenye magofu, hebu kaeni kidogo niwaambie mambo ambayo najua hamkufundishwa chuoni. Mimi niliifanya kazi hiyo kabla haijawa na kofia. Kwa miaka karibu thelathini nilikuwa mchoraji wa ofisi ya mambo ya kale, na eneo langu lilikuwa Kitui na Makueni, kuanzia Nunguni kwenye baridi hadi kule nyuma ya Zombe ambako jua linakutafuta wewe binafsi. Nilitumwa mahali penye kuta zilizoanguka, marundo ya mawe au miamba yenye vishimo, nikahesabu, nikapima, nikachora. Mke wangu akiulizwa mumewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anahesabu mawe," na watu wakampa pole.

Mkifika kijiji kipya, msiulize magofu yako wapi. Hakuna mtu anayeliita gofu lake gofu. Nilikaa Migwani siku tatu nikiuliza habari za "mahali pa kihistoria", na watu kwa heshima zao wakanionyesha posta, shule, na nyumba ya mtu wa kwanza kununua redio. Siku ya nne mama mmoja aliyekuwa anauza maharagwe alinihurumia. "Wewe uliza hivi," akasema. "Uliza mbuzi hawalishwi wapi." Nilipouliza hivyo, watoto walinipeleka mbio hadi nyuma ya nyumba ya wageni niliyokuwa nalala. Kulikuwa na ukuta wa kale pale, na mimi nilikuwa nimeanika soksi zangu juu yake.

Nendeni asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu kivuli kinaonyesha mstari wa ukuta hata kama umezama kabisa ardhini. Au nendeni wiki chache baada ya mvua, maana nyasi zilizo juu ya mawe hukauka kabla ya nyingine. Na msikalie ukuta. Nilikalia mmoja karibu na barabara ya Mombasa, nikiwa na hindi langu la kuchemsha, nikasikia kitu kinapumua chini yangu kama mzee mwenye pumu. Alikuwa nyoka, kifutu mnene. Hindi lile sijui lilienda wapi, na suruali ile niliiacha hukohuko Makueni.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Nzioka, msimamizi wangu. Alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe kabla ya kuajiriwa na ofisi, mtu mfupi, mkali, mzee wa kanisa, asiyecheka kabla ya chai ya saa nne. Alipima kwa kamba ya mkonge yenye mafundo, mimi nikamcheka na utepe wangu mpya wa chuma, hadi siku utepe ulipokatika katikati ya kazi na kamba yake ikatuokoa. Kila jiwe tulilolichora tuliliandika namba kwa rangi nyeupe tumboni, upande unaolala chini, ili wageni wasione uchafu wetu. Namba hiyohiyo iliingia kwenye karatasi. Na kwenye karatasi alikuwa na amri moja, ambayo aliirudia kuliko amri kumi za Mungu.

"Raba ni ya watoto wa shule," alisema. "Wewe ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linaonekana. Mtu akija kesho ajue ulikosea wapi."

Nilisema ndiyo, Mzee. Raba ilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa niwapeleke nyuma ya Zombe. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Alikuwa amekuja mgeni, mwalimu mstaafu kutoka Wales, mtu wa magoti mabovu na furaha nyingi, na ofisi ilitutuma tumzungushe. Nzioka alimpa jina, Bwana Ngome, kwa sababu alitembea na bahasha ya picha za ngome za kwao. Alituonyesha minara iliyopasuka, na makanisa makubwa ya watawa yaliyobaki kuta tu, ng'ombe wakilala mahali pa madhabahu. Nikawa natafsiri.

"Muulize ndani anakaa nani," Nzioka akasema.

"Hakuna mtu. Watu wanalipa, wanaingia, wanaangalia, halafu wanakunywa chai."

Nzioka alizigeuza picha zile moja moja. "Wanalipa kuingia nyumba ya watu, na wenyewe hawako?" akauliza, na sura yake ilionyesha kwamba jambo hilo halikumpendeza hata kidogo.

Tukampeleka kwenye duara. Kutoka Zombe unaendesha gari hadi njia inakwisha, kisha unapanda kwa miguu hadi uwanda mdogo juu ya kilima, na hapo mawe yamekaa kwa mzunguko, makubwa yakifika chini kidogo ya goti, mengine madogo zaidi. Hakuna ajuaye ni nani aliyeyaweka. Ninachokumbuka ni ukimya. Ilikuwa saa sita mchana, vivuli vimejificha chini ya vitu vyenyewe, na wale wadudu wa kwenye vichaka waliotupigia kelele njia nzima walinyamaza tulipokanyaga uwanda ule. Bwana Ngome alivua kofia. Nzioka alikuwa ameshavua yake zamani.

Boma lililo karibu lilikuwa la bibi mmoja tuliyemwita Susu, yaani nyanya, kama kila mtu pale alivyomwita. Alikaa na mkwewe, Mama Mwende, ambaye mumewe alikuwa kibarua Mombasa, na huyo Mwende wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Walituletea uji. Bwana Ngome, akiwa na kibuyu chake mkononi, akasema kwamba kwao pia kuna mawe ya kale yamesimama mashambani, na wakulima husema kwamba mara moja kwa mwaka huondoka kwenda mtoni kunywa maji, kisha hurudi.

Nilipomtafsiria, Susu hakushangaa. "Kwao kuna mto karibu," akasema. "Hawa wetu walienda mbali."

"Hawa nani, Susu?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejua kufunga kamba za viatu. "Wewe hujawahi kupanga laini ya maji?"

Hapa mnielewe vizuri, hasa nyinyi mliokulia kwenye mifereji. Huku kwetu kiangazi kikishika, kisima kinatoa maji kidogo kidogo, na laini, yaani foleni ya watu, inaweza kukaa hapo kutwa nzima. Huwezi kusimama muda wote huo, una watoto, una mbuzi. Basi unaweka jiwe lako kwenye laini, unaenda, ukirudi unalikuta, unashika nafasi yako. Hakuna anayeligusa. Jiwe kwenye laini ni mtu. Ukilisogeza umemsogeza mtu, na nimeona akina mama walioimba pamoja kanisani wakishikana nywele kwa sababu hiyo.

"Ilikuwa kiangazi," Susu akasema, akionyesha duara kwa kidevu. "Hao watu walikuja, wakapanga mawe, kila mtu yake, wakaenda kutafuta maji. Watarudi. Kila mtu atataka nafasi yake."

Tuliyahesabu yakawa sitini na tatu. Tukayaandika tumboni, nikayachora. Wakati wa kuondoka Bwana Ngome aliniuliza kama anaweza kuchukua kajiwe kadogo, kumbukumbu tu ya safari. Nilimhutubia! Nilimtajia sheria, nikamtajia vizazi vijavyo, nikamwambia jiwe likiondoka mahali pake linakuwa jiwe tu. Maskini aliomba radhi mara tatu.

Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu kumalizia vipimo, nikachukua la kumi na saba.

Nataka niseme wazi kwa nini, kwa sababu nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu kubwa na sijaipata. Mlango wa ofisi yetu mjini Kitui ulikuwa unajipiga kwa upepo na karatasi zinaruka. Jiwe la kumi na saba lilikuwa bapa, laini, na kishimo kidogo juu kinachotosha kidole gumba. Lilinipendeza. Nililitia kwenye mfuko wa vifaa, nikaliweka mlangoni, na ule mlango haukujipiga tena. Kisha nikatoa raba. Nikafuta kumi na saba kwenye mchoro, nikazipunguza namba zote zilizofuata moja moja, nikaandika chini: mawe sitini na mawili. Ulikuwa mchoro safi sana, na mkubwa wa ofisi aliusifu.

Nzioka tangu siku hiyo aliingia ofisini kwa mlango wa nyuma, akizungukia kwenye matope na kuku wa mlinzi. Mimi nilidhani ni mambo ya uzee.

Miaka ikapita. Mwende alikuwa wa miaka kama tisa wakati kiangazi kimoja kibaya kiliposhika, na hapo ndipo pasta wa kule aliponiletea ujumbe ofisini, niende na karatasi yangu.

Nilikuta watu wamekusanyika kwenye uwanda, wamesimama nje ya duara. Ndani ya mzunguko, kwenye mstari wa mawe, alisimama yule mtoto. Mikono ilining'inia, macho yalitazama mbele, na jua la saa sita lilimpiga utosini. Mama yake aliita, "Mwende! Mwende!" na mtoto hakugeuka, wala hakupepesa, na nzi aliyetembea kwenye mdomo wake uliopasuka hakumfukuza. Nimeona maiti nikiwa kijana na sikuogopa hivyo.

"Ni wiki ya tatu sasa," Mama Mwende akaniambia. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Jua ikifika hapa juu, anaacha kila kitu, anakuja. Ukimbeba anakuwa mzito, wanaume wawili wanashindwa. Jioni anarudi, hajui kitu. Hakuli. Maji anakunywa kidogo tu. Huyu mtoto ataniishia mkononi."

Pasta alinivuta kando. Alikuwa mtu mwema, na aibu ilikuwa imemjaa. Alinieleza kwamba wamefunga na kuomba. Alinieleza pia, akiangalia viatu vyake, kwamba watu kadhaa walikuwa wamechukua mawe ya hapa, kwa mafiga, kwa kukandamiza mabati, na kwamba yote yalikuwa yamerudishwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alipita njia yake na jiwe chini ya leso, akijifanya anatafuta kuni, hadi wakakutana kilimani mke wa shemasi na mwalimu wa kwaya, kila mtu na mzigo wake. "Hata mimi nilikuwa na moja," pasta akasema. "Ilikuwa inashikilia mlango ya kanisa."

Nikaufikiria mlango wa ofisi yetu.

"Sasa wewe ndiye uko na karatasi," Mama Mwende akasema. "Tuambie. Kuna jiwe bado inakosekana?"

Nilikunjua mchoro wangu. Nilizunguka duara nikihesabu kwa sauti, na watu wakanifuata kwa macho. Nilipofika alipo mtoto nilipita nyuma yake. Nilisikia pumzi yake ikitoka polepole. Alikuwa amesimama ndani ya shimo jembamba, miguu imebanwa kama iliyopimiwa, na sikuhitaji kuinua jiwe la kushoto wala la kulia kujua namba zilizo tumboni mwake. Kumi na sita. Kumi na nane.

"Sitini na mawili," nikasema. "Yametimia."

Nilidanganya hivyo, mchana mweupe, mbele ya mama yake. Niliogopa kupoteza kazi. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na niliwafikiria hao wanne, sikumfikiria huyo mmoja. Mama Mwende hakulia. Alitikisa kichwa tu, akavua leso yake, akaenda kuishika juu ya kichwa cha mtoto imfanyie kivuli. Hivyo ndivyo nilivyowaacha.

Nilifika Kitui jioni, nikamkuta Nzioka anafunga dirisha. Nikamwambia yote bila kuulizwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Miaka hii yote nimepita na nyuma," akasema. "Unafikiri napenda kuku?"

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Nilikuambia kabla. Ulikuwa na raba mfukoni. Niliiona." Akachukua kofia yake. "Kesho utaenda peke yako. Mimi sikulibeba."

Asubuhi nililiweka lile jiwe kwenye kiti cha mbele cha Land Rover ya ofisi. Sijui kwa nini sikulitupa nyuma pamoja na vifaa. Nilijikuta napunguza mwendo kwenye mashimo kama dereva aliyebeba mgonjwa, na mahali fulani baada ya daraja nikatambua kwamba nimehamisha mfuko wangu wa chakula ili usiliguse. Redio ya gari ilikuwa mbovu tangu zamani. Nilitamani sana ipige kelele yoyote.

Nilipanda kilima nimelikumbatia. Mtoto alikuwa pale. Kivuli cha leso kilikuwa kwenye uso wake, mama yake akiishikilia juu. Susu, ambaye sasa alikuwa haoni, aliketi kwenye nyasi.

"Mama Mwende," nikasema, "jana nilikudanganya. Ni mimi niliyelichukua."

Aliliangalia jiwe, akaniangalia mimi. Nilingoja kofi, na ningelipokea. "Weka," akasema.

Nikapiga magoti, lakini mtoto hakuondoka, na nilipomgusa mguu nikahisi ugumu ambao sikuujua. Nikarudisha mkono haraka.

"Omba msamaha kwanza," Susu akasema.

"Mwende, mwanangu, nisamehe—"

"Si huyo. Yeye amefanya nini? Mwenye jiwe."

Mimi ni Mkristo, nilibatizwa nikiwa mtu mzima na ninajua nilichosema majini. Lakini nilivua kofia, na kwa kuwa sikujua niangalie wapi, niliangalia upande ambao mtoto alikuwa anatazama, kule ambako hakukuwa na kitu isipokuwa vichaka vikavu na hewa inayochezacheza kwa joto. Nikasema nilichukua bila kuuliza, na kwamba nimerudisha.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha Mwende akasogea hatua moja pembeni, taratibu, jinsi unavyompisha mtu anayefika kwenye laini. Aliinua uso wake, si kwangu, kwa mtu mrefu kuliko mimi, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Nafasi yako ni hii."

Nililiweka jiwe. Liliingia bila kulazimishwa. Wadudu wakaanza kulia wote kwa pamoja, na mtoto akamgeukia mama yake akaomba maji. Alikunywa vibuyu viwili. Mama yake alikaa chini palepale, akalia kwa sauti, nami nililia pia, sioni aibu kulisema.

Baadaye walimpeleka hospitali, na daktari akaeleza kwamba kuna ugonjwa unaofanya watoto wagande hivyo. Akampa dawa. Mwende alimeza dawa zote na hakusimama tena kilimani. Sibishani na daktari.

Niliupeleka mchoro kwa mkubwa wa ofisi, nikamweleza. Aliniambia nichore mwingine tu, nani atajua. Nikakataa. Nilipiga mstari juu ya sitini na mawili, nikaandika sitini na tatu, na chini yake nikaandika kosa langu na jina langu. Nilipata barua ya onyo, na cheo nilichokuwa nakingojea akakipata mtu mwingine. Siku hiyo Nzioka aliingia kwa mlango wa mbele, akakaa, akaniagizia chai.

Mwaka nilioacha kazi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilienda kuyaaga mawe yangu yote, nikaliacha duara liwe la mwisho. Nzioka na Susu walikuwa wameshazikwa. Mwende ndiye alikuwa mtunzaji wa mahali pale, mama wa watoto watatu, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, akiwatembeza wanafunzi na wageni. Nilihesabu kwa mazoea nikapata sitini na tano. Nikarudia. Baada ya la kumi na saba kulikuwa na mawe mawili madogo, mapya, hayana rangi tumboni.

"Haya ameweka nani?"

"Mimi. Hiyo moja ni yangu. Nimeweka mapema."

"Na hilo la pili?"

"Hiyo ni yako, Mzee." Alisema kama mtu anayekuonyesha kiti. "Si unaenda kustaafu? Utakuwa unazunguka huku na huku. Usipowekewa, nani atasimama kwa nafasi yako?"

Ilikuwa saa sita mchana. Sheria inasema chochote kilichoongezwa kwenye mahali pa kale kiondolewe, na mimi ndiye niliyeifundisha sheria hiyo kwa nusu ya wafanyakazi wa Kitui. Niliinama, nikaliinua lile langu. Lilikuwa bapa. Nikalirudisha polepole mahali pake, nikatoa mchoro, nikayaandika yote mawili.

Kwa hiyo mkipeleka wageni huko, hesabuni. Yakiwa sitini na tano, waacheni wapige picha zao, mwendelee na safari. Yakipungua, msihangaike na karatasi. Angalieni ni nani amesimama hapo.